Mkono wa Roboti Umeandika Jina la Mama Yangu!

Jamani, nina neno, na nisipolisema leo nitapasuka! Nimeshuka boti Mkoani juzi, sanduku bado halijafunguliwa, halua ya Muscat imo ndani ya kikapu chake, watoto wananizunguka wanataka zawadi zao, na mie nimesimama katikati ya ukumbi nimenyoosha mkono wa kulia. Nauzungusha begani, naukunja kiwikoni, naugeuza kwenye kifundo, polepole, polepole sana, huku nikitoa mlio kwa mdomo: ziiiiii... tk. Ziiiiii... tk. Mama akanitazama, akauliza kama bahari ilichafuka njiani. Bahari shwari kabisa, mama! Nimeuona mkono wa roboti! Nimeuona kwa macho haya, nimeugusa, nimeushika, nimeufundisha kitu nao ukakishika, na bado!

Niwaeleze kwa mpango, ingawa mpango wenyewe leo sina. Nilikwenda Oman harusini, mtoto wa ami yangu anaoa. Nani Pemba hana mtu wake Oman? Tangu Sultan Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970 walirudi wengi waliozaliwa Wete, Chake na Konde, na ukiingia nyumba zao za Muscat hadi leo utakisikia Kipemba kitupu, na mkate wa ufuta uko sahanini. Basi siku ya pili baada ya walima, shemeji yangu mmoja mwenye karakana ya vyuma kule Rusayl, eneo la viwanda upande wa uwanja wa ndege, akaniambia, "Shemeji, weye na mashine hamuachani. Njoo kesho nikuoneshe mfanyakazi wangu asiyekula wala kulala." Nikadhani ananitania. Usiku ule sikulala vizuri kwa hamu, na asubuhi nilikuwa wa kwanza kwenye gari.

Tukaingia. Harufu ya chuma cha moto, grisi, vumbi la grenda, joto la kuupika mkate bila tanuri. Halafu nikauona. Wallahi miguu ilisita. Mkubwa, mrefu kuliko mtu, rangi ya machungwa iliyokolea, umesimama kwenye kitako chake umeinamisha kichwa, kimya, kama korongo wa mikokoni anayevizia samaki maji yakipwa. Nikasema huu umezimwa. Papo hapo ukanyanyuka! Bila kishindo, bila kutikisika, bila kile kigugumizi cha mashine tunazozijua. Ukajizungusha, ukajinyoosha hadi mwisho wa karakana, ukajikunja, ukasimama tk! mahali pake, na ncha yake haikutetemeka hata kidogo. Mimi ndiye niliyetetemeka.

Ukiutazama vizuri utaona ni mkono kweli, jina halikukosewa. Una bega, una kiwiko, una kifundo, na kifundo chenyewe kinajipinda, kinajigeuza, kinajizungusha mpaka unajihurumia kwa kifundo chako ulichozaliwa nacho. Maungio sita kwa jumla, na kila ungio lina mota yake. Uzuri wake, jamani, uzuri wake uko katika namna yote sita yanavyokwenda kwa pamoja, hakuna linalongoja jingine, kama wapiga makasia waliokwisha zoeana. Unaweza kukaa ukautazama tu, kama unavyotazama mtu anayesuka ukili.

Shemeji akanivuta upande wa pili. "Huo ni wa kuangalia. Wa kushika ni huu." Na hapo ndipo maisha yangu yalipobadilika!

Mdogo, wa kijivu, umekaa juu ya meza bila uzio wala wavu. Nikauwekea kiganja. Baridi! Laini kama mgongo wa kauri! Na ndani yake kuna kitu kama mngurumo mdogo mno, husikii kwa sikio, unausikia kwa ngozi, kama paka aliyelala. Fundi mmoja kutoka Kerala, India, mtu mpole sana anayezungumza Kiswahili cha kuokota kwa Wapemba wa pale, akanionesha kitufe, nikakibonyeza, na mkono wote ukalegea. Si kulegea kwa kuanguka, la! Ukawa mwepesi, unaelea, unanifuata. Nikiusukuma kwa kidole unakwenda, nikiuacha unabaki palepale. Mmewahi kushika ngalawa iliyofunguliwa kamba maji yakiwa yamejaa, ile hali ya kitu kizito mno kinachokutii kwa kidole kimoja? Ndiyo hiyohiyo!

Wakaufungia kalamu nene nyeusi. Wakanilazia karatasi. "Andika chochote," akasema fundi. Mie nitaandika nini? Nikaushika mkono ule kwa mikono yangu miwili, nikaandika jina la mama yangu kwa herufi za Kiarabu, polepole, ulimi umenitoka pembeni kama mtoto. Na ghafla nikamkumbuka mwalimu wangu wa chuoni, Mungu amrehemu, alivyokuwa akinishika mkono juu ya ubao, kiganja chake kikubwa juu ya kiganja changu, ananiongoza alif, ananiongoza be, mpaka siku ile alipouachia mkono wangu nao ukaenda peke yake. Wallahi hali ni ileile, ila safari hii mwalimu ni mie!

Nikaachia. Fundi akaweka karatasi mpya, akagusa kioo. Mkono ukashuka wenyewe. Ukaandika jina la mama yangu!

Nilipiga kelele, sitaki kuwaficha. Vijana wa karakana wakageuka wote. "Tena!" nikasema. Ukaandika tena. Tena! Karatasi kumi, majina kumi. Tukazikusanya tukaziinua kwenye mwanga wa dirisha, na zote kumi zikawa kama karatasi moja, mstari juu ya mstari, nukta juu ya nukta, hakuna iliyokimbia hata kwa unene wa unywele. Na bado! Kwenye herufi ya mwisho mkono wangu ulikuwa umetetemeka kidogo kwa furaha, nikapinda. Basi ule mpindo upo kwenye karatasi zote kumi! Mtetemeko wangu mwenyewe, umehifadhiwa, umerudiwa mara kumi bila kusahihishwa. Mashine haikuandika kwa mwandiko wake, haina mwandiko. Iliandika kwa wangu. Karatasi moja nimekuja nayo, mama ameiweka ndani ya msahafu.

Halafu nikafanya jambo ambalo nawasihi mlifanye siku mkiupata. Mkono ukiwa katika kuandika, nikausogezea kiganja njiani. Moyo unadunda. Ukanigusa, na palepale ukasimama! Haukunisukuma, haukunibana, umesimama tu, kama mtu mwenye adabu mliyekutana naye mlangoni. Mikono midogo ya namna hii inaumbwa makusudi kufanya kazi pamoja na watu, na mingi inatoka Odense, mji wa Denmark, kwa kampuni iitwayo Universal Robots iliyoanzishwa mwaka 2005. Na mnajua kwa nini Odense? Kwa sababu ya meli! Karibu na mji ule kulikuwa na kiwanda kikubwa cha kuunda meli, Lindø, kilichokuwa kikitaka roboti za kuchomelea mabati ya meli, na wenye meli wakatia fedha zao chuo kikuu cha pale ili jambo hilo lisomwe. Kiwanda cha meli kilifungwa mwaka 2012, lakini elimu ilikwisha kuota mizizi, na mji wa waunda meli ukageuka mji wa roboti. Mie, mtoto wa kisiwa cha waunda majahazi, niliposikia hivyo nywele zilinisimama!

Mapumziko ya mchana ndiyo nikaona mchezo. Vijana wale hawana dogo. Wameuvua mkono kalamu, wameutia kinyonyeo kidogo cha mpira, wameleta bao! Bao letu, mashimo 32, limechongwa, limetoka Pemba na mtu. Mkono ukawa unanyonya kete moja moja kutoka kwenye sahani, fup!, unaipeleka, unaidondosha shimoni, tok. Fup, tok. Fup, tok. Haujui kucheza bado, haujui kupiga mtaji, unajua kutia kete tu, lakini ule mdondoko wake mmoja wenye heshima kila shimo, bila kukosa, bila kuruka, ulinishika roho hata chai yangu ikapoa. Mzee mmoja Mwomani aliyezaliwa Mkoani, mlinzi wa pale, alikuwa anaufokea: "Usitie hapo! Hapo nyumba!" Anaufokea kweli, kwa uchungu, kama anavyomfokea mtu barazani.

Na msidhani michezo hii ni utoto wa vijana wa Rusayl. Mikono hii imecheza tangu kuzaliwa kwake! Wa kwanza kabisa kuajiriwa, Unimate, ulioanza na wazo la George Devol, uliingia kiwanda cha General Motors huko New Jersey mwaka 1961, kazi yake kuokota vyuma vya moto vilivyotoka kwenye kalibu, kazi inayounguza watu. Miaka mitano baadaye, 1966, ukapelekwa kwenye kipindi cha televisheni cha Johnny Carson, Marekani nzima inatazama, na ukaingiza mpira wa gofu kikombeni, ukamimina kinywaji, ukashika kijiti ukaongoza bendi! Siku hizi Orlando, katika bustani ya michezo ya Harry Potter iliyofunguliwa mwaka 2010, watu wanakalishwa kwenye viti vilivyoshikwa na mikono kama ule wa rangi ya machungwa, wanarushwa, wanageuzwa, wanapinduliwa gizani wakipiga mayowe. Na ile filamu ya Gravity ya mwaka 2013, watu wanaelea angani? Kamera na taa zilibebwa na mikono ya roboti, ya ukoo wa viwanda vya magari. Kahawa nimekunywa ya mkono kama huo njiani nikipita Dubai, ndani ya duka kubwa, umenikorogea, umenisukumia kikombe, na kabla sijaondoka ukanipungia! Nikaupungia na mie. Kahawa yenyewe ilikuwa ya kawaida, tangawizi hakuna, lakini nani alikuwa na habari ya kahawa?

Sasa kaeni karibu, nimefika kwenye moto.

Alasiri shemeji akanipa koti zito, glavu za ngozi na kofia ya kuchomelea yenye kioo kinachojifanya cheusi chenyewe mwanga ukiwaka. Nikapanga mtandio wangu vizuri chini yake. Tukasimama nje ya uzio wa ule mkubwa, korongo wangu. Mlango wa uzio ukifunguliwa mkono unasimama, hilo wamenionesha kwanza, kwa sababu huu si kama ule mdogo, huu hauna subira ya kukupisha. Ndani, juu ya meza ya chuma, fremu imebanwa kwa vibanio pande zote. Kengele ikalia. Korongo akainamisha shingo. Ncha ya tochi ikasimama juu ya ungio la chuma na chuma, karibu kabisa, haijagusa.

Kisha, sssshhhhhhraaaa! Dunia nzima ikawa kijani ndani ya kioo, na katikati yake nyota moja! Mlio wake, mnajua mlio gani? Samaki! Samaki mbichi anapotiwa kwenye mafuta yaliyokwisha pata moto, ule mkaango mmoja usiokatika, sawasawa, bila kupasuka pasuka. Fundi wa Kerala alinikaribia akaniambia sikioni kwamba yeye huchomelea kwa masikio, mlio ukivunjika anajua kuna kosa kabla hajaona. Na mlio haukuvunjika! Waya unajilisha wenyewe ndani ya tochi, gesi inapulizwa kuzunguka nyota ili hewa isiichafue, na mkono unatembea, unatembea, mwendo mmoja, pembe moja, umbali mmoja, unafika konani na wala haupunguzi, kifundo kinajigeuza tu kama mcheza lelemama anayegeuza kiganja, na nyota inaendelea. Sisi tukichomelea kwa mkono, kona ndipo roho inapokaa juu. Kona ndipo mshono unapovimba au unapotoboka. Huu unapita kona kama maji.

Mwisho wa mshono ukafanya jambo dogo ambalo sikulielewa. Ulirudi nyuma kidogo, kama mtu aliyesahau kitu, ukatua, ndipo ukanyanyuka.

Giza la kioo likaondoka. Wakasubiri chuma kipoe, wakanipa nikitazame. Jamani! Magamba ya samaki! Magamba madogo, yamelaliana moja juu ya jingine, yote sawa, yote yanang'aa, rangi ya fedha inayoingia zambarau pembeni. Nikapitisha kidole gumba juu yake, kikateremka trrrrr kama kinapita kwenye uzi wa kanzu iliyodariziwa. Hakuna vidonge vya chuma vilivyoruka vikaganda. Hakuna cha kugonga, hakuna cha kupiga grenda. Ukatokea mshono wa pili, wa tatu, wa thelathini, na kwa roho yangu yote siwezi kuwaambia upi ulikuwa wa kwanza.

Kampuni iliyouunda ule mkono wa machungwa ni KUKA, ya Augsburg, Ujerumani, na hapa mafundi wetu wazee watafurahi. Ilianza mwaka 1898 kwa biashara ya taa za gesi ya asetilini, gesi ileile inayopatikana ukimwagia maji mawe ya kabaidi! Kutoka taa wakaingia kuchomelea kwa gesi, kutoka kuchomelea wakafika kwenye roboti yao ya kwanza mwaka 1973. Wazee wenzetu kabisa, safari moja, wao wametutangulia vituo tu.

Na bado! Wakaniachia niuendeshe! Kwa mwendo wa kobe, bila moto, fundi amesimama begani kwangu, lakini ni mie. Wanakupa kitu kizito kama tableti nene, na nyuma yake kuna kitufe unachokibana kwa vidole. Ukikibana nusu, mkono unaenda. Ukikiachia, unasimama. Na ukikibana sana kwa woga, pia unasimama! Sikilizeni uzuri wa fikra hiyo. Waliokitengeneza walijua kwamba mtu akishtuka ama huachia ama hukaza, wakafunga njia zote mbili. Unabaki na njia moja tu ya kuuendesha, nayo ni kuwa umetulia. Nilikaza mara tatu kabla sijatulia. Nilipotulia, lile jitu la chuma likainua shingo kwa kidole changu, na nilijihisi nina mkono wa tatu, mrefu, mtulivu, usiochoka.

Nitasema na lisilowezekana, maana nawapenda na sitaki muende mkiwa mmefungwa macho. Nilimuomba fundi asogeze ile fremu kidogo, unene wa ukucha. Mkono ukashuka kwa heshima zake zote, ukawasha nyota, ukachomelea pembeni ya ungio, mshono mzuri mno, mahali pasipo kazi! Haukujua. Ipo mikono yenye kuhisi njia ya mshono na kujirekebisha, huu haukuwa na hisia hiyo. Kwa hiyo msiniletee geti la Mtambwe lililopinda na kuliwa na chumvi ya bahari, wala chesesi ya daladala iliyokwisha tiwa viraka saba, mkadhani roboti italitazama na kufikiri. Kazi hiyo ni ya macho ya fundi, na itabaki ya macho ya fundi. Roboti inataka vitu vinavyofanana, vimekatwa sawa, vimebanwa sawa. Fremu za madawati ya skuli nzima. Vitanda vya hospitali. Vikalio vya matangi ya maji. Mia mbili, mia tatu, vyote ndugu. Kazi ambayo fundi akifika cha hamsini mgongo unauma, macho yanachoma kama yametiwa mchanga, na mshono unaanza kulegea. Hapo ndipo unapompa roboti, na fundi anabaki anayefundisha, anayebanisha, anayesikiliza mlio.

Msiniambie haya ni ya Waarabu na Wazungu! Nairobi tu hapo, katika hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, kuna mashine ya kutibu saratani iitwayo CyberKnife, na ndani yake kuna nini? Mkono wa roboti wa ukoo wa kiwandani, umeshikishwa mashine ya mionzi badala ya tochi, unamzunguka mgonjwa aliyelala, na mgonjwa akivuta pumzi uvimbe ukasogea, mionzi inaufuata! Kinshasa, mwaka 2013, roboti za Thérèse Izay Kirongozi, mhandisi mwanamke wa Kikongo, zilianza kunyanyua mikono zikiongoza magari njia panda. Mwanamke, jina lake Kirongozi! Nilipolijua hilo niliruka.

Na sisi Wazanzibari ni watu wa maajabu tangu zamani. Jumba letu la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, lilikuja kung'aa umeme na kupandisha watu kwa lifti. Televisheni ya rangi tulikuwa nayo mwanzoni mwa miaka ya 1970, wenzetu wa Bara hawana hata ya nyeupe na nyeusi. Umeme wa Pemba zamani ulikuwa wa majenereta ya Wesha, unakatika mshono ukiwa nusu, lakini tangu 2010 waya umepita chini ya bahari kutoka Tanga. Kwa hiyo umeme upo, mafundi tunao, vijana tunao wengi kupita kiasi. Nawaona kwa macho ya moyo: mkono mmoja mdogo, wa kijivu, juu ya meza, katika Kituo cha Mafunzo ya Amali Vitongoji, na mwingine Daya Mtambwe, vijana wa kike na wa kiume wamepanga foleni, kila mmoja anangoja zamu ya kubonyeza kile kitufe na kuusikia unalegea mikononi mwake. Wa kujifunzia tu! Nitakwenda kuomba ofisi hadi ofisi, nimekwisha andika barua mbili.

Jana jioni nilishindwa kusubiri, nikapanda gari hadi Machomane kwa fundi wetu wa mageti, yule mzee mwenye vidole vilivyojaa makovu ya cheche. Nilimkuta anafunga. Nikamwambia, "Baba, tazama hii," nikampa simu, video ya korongo akichomelea ile fremu. Akatafuta miwani yake ya kusomea, akaivaa, akaishika simu mbali, kisha karibu. Hakusema kitu. Mimi naongea bila kukoma, naeleza gesi, naeleza waya, naeleza magamba. Akaninyamazisha kwa kidole.

"Rudisha nyuma."

Nikarudisha. Akatazama mpaka mwisho. "Rudisha."

Mara ya tatu akasogeza uso hadi pua inakaribia kioo, na pale mshono unapomalizika, pale mkono unaporudi nyuma kidogo kabla ya kunyanyuka, akacheka kwa furaha, akapiga goti lake kofi.

"Huyu aliyeufundisha huu ni fundi! Umeona anavyorudi kuziba kishimo? Ukinyanyua moja kwa moja panabaki shimo, na chuma kitakuja kupasukia hapohapo. Mie namkanya mwanafunzi wangu kila siku. Katoka wapi mtu huyu?"

"Kerala, baba."

"Kerala," akasema. Akairudisha video mwenyewe safari hii, akaiegemeza simu kwenye kopo la rangi, na mkono wake wa kulia, mtupu, ukainuka juu ya meza ukawa unakwenda nayo sambamba, polepole, hadi konani, ukageuka, ukaendelea.